Kwa nyie mnaoanza kazi ya ushauri nasaha: mtu akisema "nimechoka", usikimbilie kujibu

Niko kwenye hii kazi ya kukaa na watu na kuwasikiliza mwaka wa 11 sasa, na kila mwaka napokea vijana wawili watatu waliotoka chuo wanakuja kujifunza kwa vitendo, na karibu wote wanakuja na lile lile ambalo na mimi nilikuja nalo, yani mteja hajamaliza hata sentensi, ushauri tayari uko mdomoni. Naelewa linatoka wapi. Mtu anaumia mbele yako na wewe unataka aache kuumia sasa hivi. Ila ukijichunguza vizuri, mara nyingi anayetafuta nafuu pale ni wewe, sio yeye.

Miezi yangu ya mwanzo alikuja mama mmoja (nimebadilisha mambo asijulikane) nikamuuliza kilichomleta, akasema "nimechoka tu". Nikaanza hapo hapo kumfundisha kulala mapema, kuweka simu mbali usiku, kupata muda wa kupumzika. Akanisikiliza kwa heshima, akashukuru, hakurudi tena. Mpaka leo sijui alikuwa amechoka na nini, na inaniuma, manake kumuuliza kungechukua sekunde tano tu.

Watu hawaji wakisema nina sonona (depression, ule ugonjwa wa huzuni nzito). Wanakuja na kichwa kinachogonga, tumbo linalovuruga, usingizi unaokatika saa tisa usiku, hasira zinazowaishia watoto. Na hili neno nimechoka limebeba mengi sana, inaweza kuwa kazi nyingi kweli, inaweza kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri (kwa hiyo usione tabu kumwambia akapime na hospitali), inaweza kuwa msiba wa mwaka juzi ambao hakuna aliyempa nafasi ya kuulilia, inaweza kuwa amechoka kuishi. Sasa wewe utajuaje ni lipi kama tayari umeanza kufundisha kulala mapema? Muulize, "umechoka na nini?" halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, najua. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, akiwa bado kimya mwache, yuko anatafuta maneno.

Hapo kwenye kuchoka kuishi nataka nikae kidogo maana ndipo wageni wengi wanapokwepa. Uliza waziwazi na utumie neno lenyewe: "umekuwa ukifikiria kujiua?" Usiulize "lakini hauna mawazo mabaya, eti?" kwa sababu hapo ushamwambia jibu unalolitaka na atakupa hilo hilo. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utampandikizia wazo, ila tafiti zilizoliangalia hilo hazijaonyesha hivo, na nilichokiona mimi ni watu kushusha pumzi, kwamba hatimaye kuna mtu kaweza kulitaja. Akisema ndio, usiruke kwenye kumshawishi. Muulize kama ana mpango, kama kitu anachofikiria kutumia anacho karibu, kama alishawahi kujaribu, nani yuko naye nyumbani, na usimwache aondoke peke yake kabla hujazungumza na msimamizi wako. Ndo maana siku ya kwanza kabisa unamweleza mteja kwamba siri yake inatunzwa ila maisha yakiwa hatarini utahusisha wengine, asije akaona umemsaliti.

Na kwa wale mnaotumia PHQ-9, ile fomu ya maswali ya kupima dalili za sonona, tafadhali msisome jumla peke yake. Ina maswali 9, jumla inaanzia 0 mpaka 27, na alama 5 mpaka 9 zinahesabika kama dalili ndogo. Sasa nimeona mwanafunzi anaandika 7, dalili ndogo, anafunga faili, na swali la mwisho, lile la kuona afadhali kufa au kutaka kujidhuru, mteja kaweka alama. Anza kuliangalia lile kabla hujajumlisha chochote.

Upande wa pili pia upo, sio kila huzuni ni ugonjwa. Mtu kafiwa wiki iliyopita analia, hali chakula, hiyo ni huzuni ya msiba, kaa naye tu. Sonona tunaanza kuifikiria pale hali imeshika karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na maisha yake yameanza kukwama.

Simaanishi usitoe mbinu kabisa, hapana. Ukishamsikia, mbinu zinasaidia sana. Mwenye sonona anasubiri hamu irudi ndo ainuke, kumbe mara nyingi ni kinyume, anaanza kuinuka kidogo kidogo ndo hamu inafuata nyuma, kwa hiyo mnapanga kitu kidogo hata kutembea dakika 10, lakini kitoke kwenye mambo aliyokwambia yeye kwamba alikuwa anayapenda.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba mshauri anatakiwa awe mkweli, ampokee mteja bila masharti, na amwelewe kutokea ndani ya dunia yake huyo mteja. Wanafunzi hayo wanayakariri vizuri. Wanalosahau ni kwamba alisema pia mteja mwenyewe lazima ayaone, angalau kidogo. Yule mama nilimhurumia kweli kweli, ila hakuwa na namna ya kujua.

Kingine, ukienda kwa msimamizi wako usipeleke kikao kilichoenda vizuri. Peleka kile ambacho umefika nyumbani bado unakifikiria, kile ambacho ulitamani muda uishe, na umwambie ni sentensi gani ya mteja uliikatisha.