Mtoto kakojolea godoro jembamba la juu

Dada wa Ujiji uliyeuliza kama hilo godoro jembamba la sponji, lile la kutandika juu ya godoro kubwa, unaweza kulitumbukiza kwenye karai: usithubutu. Sponji ikishiba maji huchanika ukiikamua, na katikati hubaki mbichi mpaka ukungu unaota.

Kandamiza mkojo kwa taulo kavu, bila kusugua. Changanya siki nyeupe na maji baridi, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, gusagusa doa, subiri dakika 15, kandamiza tena. Nyunyizia bekingi soda (siyo magadi!), iache masaa 6 hadi 8, kisha ikung'ute. Jiki weka mbali kabisa: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, na sponji yenyewe inachoka.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu. Lisimamishe kwa ubavu, kivulini penye upepo. Jua kali likilipiga siku baada ya siku, sponji hugeuka njano na kumegeka kama andazi la juzi. Mvua zikishaanza hapa Kigoma, anza kazi asubuhi. Kabla ya kutandika, bonyeza katikati kwa karatasi ya chooni, ikilowa, bado.

Kava lake fua kawaida tu.