Kiuno kinachovuta hadi kidole gumba cha mguu

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, maji yametoka bombani baada ya siku tatu, nami ndiyo kwanza nimetoka kitandani. Nikainama, nikashika ndoo ya lita 20, nikageuka nayo kabla sijanyooka sawasawa. Nilihisi kiunoni kama uzi umekatika. Sikuanguka. Nilijaza madumu yote, nikaenda kazini. Ilipofika jioni nilikuwa siwezi kukanyaga pedeli ya cherehani. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako la kushoto, yakashuka kwa nje ya paja na ugoko mpaka pale kamba za viatu zinapofungwa, na kidole gumba cha mguu kikafa ganzi.

Nilipoteza wiki tano. Duka la dawa la mtaani waliniambia ni UTI, nikameza vidonge. Jirani akasema ni figo. Kilichonisumbua zaidi ni maneno ya mama mkwe: "Mwanangu, hiyo ni ile sindano ya ganzi waliyokuchoma mgongoni ulipojifungua kwa operesheni." Nilimwamini, maana nami nilikuwa na hofu hiyo kwa miaka sita.

Daktari aliyenisaidia hakuanza na mashine. Alinilaza chali, akainua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia, nikapiga kelele. Kisha akaweka kidole chake juu ya kidole gumba changu cha mguu. "Mama, kisukume juu." Cha kulia kilisukuma kwa nguvu. Cha kushoto nilikiamuru, nikakitazama, kikabaki kimelala.

Hapo ndipo aliponieleza mgongo wangu mwenyewe, na ndiyo sababu naandika haya. Tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha vitu viwili. Kimoja ni mfupa: mlolongo wa pingili. Mtoto huzaliwa nazo 33, saba za shingo, 12 za mgongo ambako mbavu zimeshikamana, tano za kiuno, tano nyingine ambazo baadaye huungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na nne ndogo za kifandugu. Kitu cha pili ni ugwe mgongo, ule uzi laini wa mishipa ya fahamu unaotoka kwenye ubongo na kupita katika mfereji ulio ndani ya pingili hizo. Ukiuvunja mfupa unaweza kuunga. Ugwe ukikatika hauungi.

Nilipofika nyumbani nilichukua futi yangu ya kushonea. Ugwe wa mwanamke mtu mzima una urefu wa kama sentimita 43, na unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Nikazipima hizo sentimita mezani, nikaona hazifiki hata mkono wa shati refu. Na kutoka kwenye kamba hiyo fupi hutoka jozi 31 za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia mwili wote kuanzia shingoni kwenda chini.

Kwa nini urefu huo una maana? Kwa sababu ugwe haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo zimebaki neva zilizotawanyika kama nyuzi, zikielea ndani ya maji. Madaktari huziita mkia wa farasi. Sasa weka mikono kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Vinapokutana ni karibu na pingili ya nne ya kiuno. Sindano ya ganzi ya uzazi huchomwa maeneo hayo, chini ya mahali ugwe ulipoishia, na nyuzi zile huipisha sindano. Inaweza kuacha kichwa kikiuma kwa siku kadhaa, au pale ilipoingia pakauma kidogo. Dada zangu mnaosubiri operesheni, msiikatae kwa hofu niliyokuwa nayo mimi. Maumivu yangu yalitokana na ndoo.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, jumla 23. Ifikirie kama kitumbua: nje kimeshika, ndani laini. Ganda lake ni tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na kiini chake kimejaa maji. Usiku ukilala, hakuna uzito, diski hunyonya maji na kuvimba. Mchana hubanwa, maji hutoka. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi. Na ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya ya kuinama na kubeba kizito: diski imejaa, imekaza, na mimi niliinama na kujipinda kwa pamoja. Ganda la diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno lilipasuka, kiini kikachomoza, kikabana neva inayoshuka hadi kwenye kidole gumba. Watu husema "pingili imeteguka". Pingili zangu zilikuwa mahali pake.

Niliomba eksirei. Daktari akasema eksirei ingeonyesha mifupa, diski isingeonekana. MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za sehemu laini za mwili, ingeonyesha, lakini kwa hali yangu tungeweza kusubiri, kwani wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi 12 bila upasuaji. Alinikataza kulala kitandani mchana kutwa. Nilitembea kidogo kidogo, nikaanza na mzunguko wa nyumba. Kazini nilikuwa nasimama kila nilipomaliza kushona upande mmoja. Wiki mbili za mwanzo nililia sana, sitaficha. Ya saba nilikanyaga pedeli.

Lakini kuna mgongo usiosubiri. Ukifa ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, ukishindwa kukojoa au mkojo ukitoka wenyewe, au miguu yote miwili ikilegea, ule mkia wa farasi umebanwa. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo; kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kupona. Na mgongo unaouma wiki hadi wiki pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au ukianza kutoa kibiongo, kapime kifua kikuu. Hukaa kwenye pingili pia, bila hata kikohozi, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Jambo lingine linanikera barabarani. Mtu anaanguka na bodaboda, sisi wenye huruma tunamshika makwapani na miguuni, tunamkunja ndani ya bajaji. Kama pingili ya shingo imevunjika, ni sisi tunaomalizia kuukata ugwe. Mwacheni alale, mmoja ashike kichwa kisitikisike, iteni msaada. Ikilazimu kumhamisha, mgeuzeni kichwa na kiwiliwili kwa pamoja kama gogo, watu wanne au watano, alazwe juu ya ubao au mlango.

Kidole changu bado kina ganzi kidogo kwenye ncha, ila sasa kinasukuma. Maji yakitoka alfajiri, nakaa kwanza nusu saa, napanga vitu, nachemsha chai. Kisha nachukua ndoo mbili za lita kumi, moja kila mkono, napiga magoti badala ya kukunja kiuno, na ninapogeuka nageuza miguu.