Maswali na majibu: Kibali cha njia si kibali cha kuruka

*Shikamoo. Naishi Area D. Ndege nyingi zinazoondoka naziona zinaelekea mashariki, hata zile za Mwanza. Kwa nini zisigeuke mara tu zinapoacha ardhi?*

Marahaba. Mashariki ni kwa sababu ya upepo. Ndege hupaa ikiukabili, na upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka huko. Njia ya kurukia imelala mashariki-magharibi, na ncha zake zimeandikwa 09 na 27, yaani nyuzi 90 na 270 za dira.

Kona inasubiri hesabu. Mchoraji wa utaratibu wa kuondokea huanza kwa kuchukulia kwamba ndege itapanda angalau mita 33 kwa kila mita 1,000 inazosonga mbele, na kwamba haitageuka kabla ya kufika kimo cha mita 120 hivi. Katika zile mita 33, nane ni akiba. Mlima, mnara wa simu au ghorofa likichomoza juu ya mstari wa zile mita 25 zilizobaki, mchoraji anadai ndege ipande kwa kasi zaidi, au anaipitisha kwingine. Kwa mji wenye vilima vya mawe kama wetu, si kazi ya kubahatisha. Rubani akigeuka mapema kwa kutaka kuokoa dakika mbili, ametoka kwenye eneo lililopimwa. Huko hakuna aliyemhesabia.

*Mimi ni mwanafunzi, napanga Kikuyu. Mnara ukisharuhusu ndege iruke, ikigonga kilima kosa ni la nani?*

Makosa tuwaachie wachunguzi. Majukumu ndiyo yanajulikana. Mwongoza ndege anapotoa kibali anaangalia hasa ndege nyingine: nani yuko njiani, nani anakuja kutua. Akiwa anaielekeza ndege kwa rada, na kumwambia rubani ageukie nyuzi fulani, hapo analibeba na suala la milima. Bila rada, kilima ni cha rubani. Rubani mwenye akili akipewa maelekezo ambayo ndege yake haiyawezi husema "siwezi", na hakuna anayemwona mjeuri.

*Mbukwenyi! Tulikuwa tuondoke saa saba mchana, mwezi wa kumi. Wakashusha mizigo, wakasema ni joto. Joto na mizigo wapi na wapi?*

Mbukwenyi. Mlikasirika bure. Uwanja wa Dodoma uko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi hata asubuhi. Jua likipandisha joto hadi nyuzi 30, hewa inazidi kuwa nyepesi, na ndege inahangaika kana kwamba iko kwenye uwanja wenye kimo cha mita 1,900. Mabawa yanakosa cha kushika, injini inapumua kwa shida. Ndege inakimbia sana chini kabla ya kunyanyuka, halafu inapanda polepole, na zile mita 33 za msomaji wa Area D zinaanza kuponyoka. Dawa ni kupunguza uzito au kungoja jua lishuke.

Kuna anayeniuliza kama uwanja mpya wa Msalato utamaliza tatizo hili. Njia ya mita 3,600 inampa rubani nafasi ya kukimbia. Kupanda kutabaki kulekule, maana jua ni lilelile.

*Nilikaa karibu na rubani. Kila anachoambiwa na mnara anakirudia kama mtoto wa chekechea. Hasikii vizuri?*

Anasikia. Anarudia ili mwongoza ndege naye asikie alichoelewa mwenzake. Kibali cha njia, kibali cha kuingia njia ya kurukia, mwinuko, namba ya kuweka kwenye altimita, yaani kipima mwinuko: vyote lazima virudiwe, na mnara unasahihisha papo hapo ukisikia kosa.

Mfano ninaowapa watu ni Los Rodeos, kisiwani Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ulikuwa uwanja mdogo uliofurika ghafla, kwa sababu bomu lililipuka katika uwanja wa kisiwa jirani na ndege zikaelekezwa huko. Ukungu ukashuka. Ndege ya KLM, ikiwa imejipanga kwenye njia, ikapewa maelekezo ya kupita baada ya kuruka: geuka hivi, panda hadi pale. Hicho kilikuwa kibali cha njia tu. Lakini ndani yake lilikuwamo neno la kuruka, na rubani akaondoka. Mnara ukamwambia asubiri. Sauti yake ikagongana redioni na ya ndege ya Pan Am, iliyokuwa bado inatembea kwenye njia hiyohiyo. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583.

Ndiyo sababu leo mwongoza ndege halitamki neno "tekofu" mpaka anapotoa ruhusa yenyewe, au anapoifuta. Kabla ya hapo atasema "kuondoka". Kwa msikilizaji wa kawaida ni mambo ya kukuza. Mimi naona ndilo neno lililolipiwa ghali kuliko yote katika kazi hii.

*Huko Ruaha hakuna mnara. Rubani wetu alikuwa anaongea mwenyewe redioni na hakuna aliyemjibu. Alikuwa na nani?*

Alikuwa na yeyote aliye karibu. Pasipo na mnara, marubani husema kwenye masafa yanayojulikana: mimi ni nani, niko wapi, naingia njiani, naondoka kuelekea upande huu. Akiwapo mwingine anayekuja kutua, huyo ndiye mwenye haki, anayeondoka anangoja. Kimya hakimaanishi anga ni tupu, maana redio ya mwenzako inaweza kuwa mbovu au iko kwenye masafa mengine. Kwa hiyo mtamwona rubani anageuza ndege kidogo kabla ya kuingia njiani, achungulie pande zote mbili. Na kama kuna swala wamelala kwenye changarawe, mtangoja mtu wa hifadhi aje na gari awafukuze.