Ukitoka chumba cha habari kwenda kuandika blogu: kwa wadogo zangu wa Tanga

Wadogo zangu mnaoniuliza namna ya kutoka kwenye uandishi wa habari na kuishi kwa blogu ya mapishi, mavazi, nyumba na matembezi, nawajibu wote hapa kwa pamoja. Nilikuwa mwakilishi wa gazeti na baadaye redio hapa Tanga kabla ya kuifanya blogu kazi yangu ya kutwa. Naipenda kazi hii, na kwa sababu naipenda nataka muingie mkiijua.

Neno langu kubwa ni moja: uripota usiuache mlangoni. Wengi hudhani wakihama habari za halmashauri na mahakama wanahamia mahali pasipo na kuhakiki. Habari ya bajeti ukiikosea, mhariri ataiona au msemaji atapiga simu. Kipimo cha hamira ukikikosea, dada mmoja kule Makorora ameharibu kilo ya mchele na nazi mbili, saa ya kufuturu imekaribia, na wageni wako barazani. Huyo humsikii akilalamika. Hafungui tena ukurasa wako, basi.

Chukueni mkate wa kumimina. Maelezo yake yamejaa mitandaoni, mengi yamenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mwingine. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja wa Ngamiani anayepika wa kuuza kila Ramadhani, nikakaa naye tangu kuloweka mchele hadi kuepua. Nilimuuliza vilevile nilivyokuwa namuuliza mganga mkuu wa mkoa: mchele gani, umelowekwa muda gani, tui la kwanza au la pili, hamira kijiko cha chai au cha chakula, sukari inaingia lini, makaa ya juu ya mfuniko ni mengi kuliko ya chini au sawasawa? Nilipomuuliza anajuaje kwamba umeumuka, aliniambia hatazami saa. Huangalia vitundu vinavyochomoza juu ya uji, kisha anagonga ubavu wa bakuli kwa kidole. Vikitikisika na kubaki, bado. Vikianza kupasuka vyenyewe, ndipo anatia sukari na kubandika sufuria. Hakuna niliyemsoma aliyeandika habari ya kugonga bakuli. Niliiandika, nikaujaribu mkate huo jikoni kwangu kabla ya kuchapisha, na mpaka leo ndiyo makala inayofunguliwa zaidi kila mwezi mtukufu unapokaribia.

Ndivyo ilivyo hata kwenye matembezi. Kila anayeandika kuhusu mapango ya Amboni, kilomita kama nane tu kaskazini ya mji, hurudia kwamba njia za ndani zinatokea Kilimanjaro au Mombasa. Hayo ni masimulizi, na ni mazuri, kwa hiyo yaandike kama masimulizi: wenyeji husimulia. Halafu mpe msomaji anachokihitaji: avae viatu gani kwenye mawe yale, aje na tochi au la, amelipa kiingilio shilingi ngapi siku uliyokwenda wewe, na usafiri wa kurudi aupate wapi. Taja tarehe uliyokwenda, kwa sababu bei hubadilika. Ukienda magofu ya Tongoni, fanya hivyohivyo. Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpiga picha wa magazeti ya serikali, na ninaamini watu waliifungua kila asubuhi kwa sababu alikuwa akifika kwenye tukio mwenyewe.

Sasa bahasha, yaani pesa anayopewa mwandishi na wale anaowaandika. Tuliofanya kazi mikoani tunaijua. Mwakilishi analipwa kwa habari iliyotoka, malipo yenyewe madogo na yanachelewa, na mwisho wa semina kuna mtu anagawa nauli. Msidhani kwenye blogu mtaikimbia. Huku inakuja kwa sura ya dera jipya, mkoba, au wikiendi ya bure kwenye hoteli ya Pangani, na hakuna mhariri wa kukuuliza. Mimi nina utaratibu, na mwenye biashara namweleza kabla hajanitumia kitu: nilichopewa bure nitasema kwenye mstari wa kwanza kwamba nimepewa, tangazo la kulipwa nitaliita tangazo, na kama maji ya bafuni hayatoki nitaandika kwamba hayatoki. Wapo wanaokata simu hapohapo. Wanaobaki hurudi mwaka hadi mwaka, maana wanajua nikisifu chumba chao msomaji ataamini.

Vipodozi ndiyo mtihani mkubwa kwetu wanawake, na hapa naomba mnisikilize sana. Atakuja mtu na pesa nzuri umtangazie krimu ya kung'arisha ngozi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mwombe kopo lenyewe, soma viambato, na kama lebo haisomeki au haipo, rudisha. Wasomaji wako wengine wana miaka kumi na sita.

Lingine ni harusi. Harusi za Tanga zina kila kitu ambacho blogu inatamani: singo ya kumsugua bibi harusi, hina, sare za kanga, ngoma za usiku. Lakini upande wa wanawake watu wamevua mabuibui yao kwa kuwa wameaminiana. Kukaribishwa kama jamaa hakukupi ruhusa ya kupiga picha. Yanayosemwa na somo, mama anayemfunda bibi harusi, kwa mwari wake ni yao wawili. Omba ruhusa kwa mwenye sura, si kwa mwenye shughuli peke yake, na ukiambiwa futa, futa mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo jambo hili limetoka kwenye adabu na kuingia kwenye sheria pia. Picha za hina za mikono peke yake, au za vyombo vya singo kabla watu hawajafika, zinatosha na zinapendeza.

Kuhusu kuacha kazi, msiache kwa hasira za siku moja na mhariri. Andika blogu huku bado unalipwa, lakini kwanza soma mkataba wako, maana vyombo vingine vinadai kila ulichoandika ukiwa kwao. Weka akiba ya kukuvusha miezi ambayo hakuna anayetangaza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoanza, ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000 na leseni ya awali ya blogu 1,000,000. Kanuni na ada zimebadilishwa tangu hapo, basi pata za sasa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, wenyewe kabla ya kupanga bajeti. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, lisiwe la fundi aliyekutengenezea. Picha zipunguze uzito kabla ya kupandisha, kwani msomaji wako anafungua kwa bando la siku. TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo tangu mteja wa kwanza. Tangu Julai 2024 watengeneza maudhui ya mtandaoni wanakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo yao. Ukikatwa, dai cheti chake, utakihitaji ukienda Mamlaka ya Mapato, TRA, kufanya hesabu za mwaka.

Nimalizie na la nyumbani, kwa sababu limewatoa wengi kwenye kazi hii kuliko leseni. Ukiwa redioni, saa kumi na moja alfajiri unatoka na kila mtu anajua umekwenda kazini. Ukikaa sebuleni na kompyuta, unaonekana uko nyumbani tu. Utatumwa sokoni, utaachiwa watoto wa wifi, utaitwa kwenye kila shughuli ya kumenya vitunguu. Zungumza na mume au mama mapema, na zungumza kwa pesa: waonyeshe malipo yaliyoingia na kazi iliyoyaleta. Mimi saa zangu ni tatu asubuhi hadi nane mchana, mlango umerudishwa, simu ya familia iko kwa dada wa kazi. Mwanzoni shangazi alinuna. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wageni wasubiri barazani, nikitoka nitawapikia chai.