Maswali na Majibu: Je, Mafunzo ya Siku Mbili Yanatosha Kusimamia Upumuaji wa Mtoto Mchanga?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Wakati wa UVIKO-19 nilifundishwa kuwahudumia watu wazima waliohitaji oksijeni na mashine ya kupumulia, na kazi hiyo naimudu. Sasa nimehamishiwa wodi ya watoto wachanga. Kuna mkufunzi binafsi anayetoa mafunzo ya siku mbili pamoja na cheti, na anasema kanuni ni zilezile, ila vipimo vinagawanywa kulingana na uzito wa mtoto. Je, nilipie?

JIBU: Ndugu muuguzi, kama hicho ndicho anachofundisha, usilipe. Swali lako nakutana nalo karibu kila hospitali ninayokwenda kufundisha, na wanaonikera si wauguzi wanaouliza, bali ni hao wanaowaaminisha kwamba mtoto mchanga ni mtu mzima aliyepunguzwa kipimo.

Bomba la hewa la mtoto mchanga lina kipenyo cha takriban milimita 4. Likivimba milimita 1 tu kuzunguka kuta zake, nafasi ya kupitisha hewa hubaki robo, na hata hewa ikipita kwa utulivu, ukinzani wake huongezeka mara 16, ilhali mtu mzima mwenye uvimbe kama huo huenda asihisi zaidi ya muwasho wa koo. Mbavu zake ni laini, hivyo anapovuta hewa kwa nguvu kifua hubonyea ndani badala ya kutanuka. Kama ni njiti, mapafu yake yana upungufu wa safaktanti, yaani utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee na kushikana, na vifuko vya hewa hutaka kujifunga kila anapotoa pumzi. Ndiyo maana huguna, kwa sababu anabana koo ili hewa isitoke yote. Nimewaona wauguzi hodari wa wodi za watu wazima wakiusikia mguno huo na kudhani mtoto anadeka. Hakuna kugawanya kwa uzito kutakakokufundisha kuutambua.

Oksijeni ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Mgonjwa wa UVIKO ulimfungulia lita 10 au 15 kwa dakika bila kusita, lakini mtoto mchanga mwenye mirija ya puani huhitaji lita 0.5 hadi 1, na njiti anayepewa oksijeni hulengwa abaki kati ya asilimia 90 na 95 kwenye oksimita, kifaa kinachopima oksijeni iliyo kwenye damu. Kumpandisha hadi 100 ili roho zetu zitulie kunaweza kuharibu mishipa ya retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na kumpofusha. Jambo hili halikugunduliwa jana: katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 njiti wengi katika nchi tajiri walipofuka wakiwa chini ya uangalizi mzuri, na mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne alionesha kwamba oksijeni waliyomiminiwa ilihusika. Vilevile, mtoto mwenye afya huwa na asilimia 60 hadi 65 tu katika dakika ya kwanza ya maisha, na hufika 85 hadi 95 kwenye dakika ya 10. Anayejua namba za watu wazima pekee atamtibu mtoto asiyeumwa.

Huenda wodini kwako utakuta sipapu (CPAP) ya mapovu, yaani mfumo unaompa mtoto hewa yenye shinikizo mfululizo kupitia puani ili mapafu yasijifunge, huku mrija wa kutolea hewa ukiwa umezamishwa kwenye chupa ya maji. Mrija uliozamishwa sentimita 5 ndani ya maji hutoa shinikizo la sentimita 5 za maji, na mapovu yakikoma unatafuta pa kuvujia: mirija imechomoka puani, mdomo uko wazi, au kiungio kimeachia. Hayo hufundishika asubuhi moja. Lisilofundishika asubuhi moja ni kwamba chupa inaweza kuendelea kutoa mapovu mazuri kabisa huku mtoto amesita kupumua, kwa kuwa mapovu hueleza hali ya mfumo na hayaelezi hali ya mtoto. Lazima macho yako yazoee kutoka kwenye chupa kwenda kifuani, kisha kwenye ukuta kati ya tundu za pua, ambao hubanwa na kuchubuka kimyakimya, kisha tumboni, ambako hewa hujaa usipoacha wazi mrija unaopitia mdomoni hadi tumboni.

Kuhusu muda wa mafunzo, ushahidi tunao hapahapa nchini. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, kozi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini huduma waliyotoa kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Hali ilibadilika baada ya kuanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Kosa halikuwa la kozi yenyewe, kwani maudhui yake ni mazuri. Tatizo lilikuwa kuamini kwamba kozi peke yake inamaliza kazi.

Kwa hiyo muombe msimamizi wako akupangie zamu pamoja na muuguzi mzoefu wa watoto wachanga, na kama hayupo, uende hospitali ya rufaa ukakae wiki kadhaa kando ya vitanda. Kabla ya kila zamu, shika ambu (mfuko wa kuminya kwa mkono ili kumpulizia mgonjwa hewa) ya mtoto mchanga na ufanye mazoezi kwa dakika chache ukiangalia kifua cha mdoli kikipanda kidogo tu, kwa sababu mtoto wa kilo 3 huhitaji mililita 12 hadi 18 za hewa kwa pumzi moja na mkono uliozoea ambu ya watu wazima huminya kupita kiasi.

Waganga wafawidhi nao wanisikie. Mnampeleka muuguzi mafunzoni, anarudi, anaanza kuiva, kisha ratiba ya mzunguko inampeleka wodi ya upasuaji, na nafasi yake anapewa mwingine asiyewahi kushika sipapu. Na wauza vyeti wanajua kwamba faili likiwa na cheti hakuna atakayeuliza zaidi. Kila anayekuja kuwauzia mafunzo, muulizeni nani atarudi wodini wiki ya pili na mwezi wa tatu kuwatazama wauguzi wakimhudumia mtoto halisi usiku, na kama hana jina la kutaja, fedha hizo nunulieni oksimita zenye vibana vya watoto wachanga.