Kusoma mada ya imani katika nyaraka za Paulo na Yakobo: ushauri kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Ndugu mnaoanza masomo ya Agano Jipya, kabla muhula wa kwanza haujaisha karibu kila mmoja wenu atapewa kazi ya kuandika juu ya mada moja ya kiteolojia: neema, haki, wokovu, Roho, au imani. Nimechagua kuwaandikia juu ya imani kwa sababu ndiyo niliyoanza nayo mimi, na ndiyo ninayoona wengi wakiikosea kwa namna ileile kila mwaka. Nilipopewa kazi hiyo nilikwenda maktaba, nikafungua itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo, nikaokota kila aya yenye neno "imani" kuanzia Warumi hadi Ufunuo, kisha nikazipanga chini ya vichwa nilivyovibuni mwenyewe: chanzo cha imani, matunda ya imani, thawabu ya imani. Insha ilikuwa ndefu na nadhifu, lakini hapakuwa na hoja ndani yake ambayo Paulo, Yakobo au mwandishi wa Waebrania angeitambua kuwa ni yake. Mwalimu wangu aliniagiza niirudishe itifaki rafuni, ninakili kwa mkono waraka wote kwa Wagalatia, aya 149, ndipo nianze upya.

Katika kunakili niliona jambo ambalo itifaki haikunionyesha. Neno la Kiyunani *pistis*, ambalo ndilo kwa kawaida tunalolitafsiri "imani", linapatikana mara 22 katika Wagalatia, lakini halikutawanyika sawasawa. Sura ya kwanza inalo mara moja tu, katika 1:23, ambapo maana yake ni ujumbe wenyewe unaohubiriwa. Sura ya tatu inalo mara 14. Sura ya nne hainalo kabisa. Mwandishi anayelitaja neno mara chache, kisha akalirudia mara 14 katika sura moja, kisha akaliacha, ana sababu ya kufanya hivyo, na sababu hiyo ndiyo mada mnayotumwa kuitafuta.

Sababu yenyewe inaanzia mezani. Paulo anasimulia katika 2:11-14 kwamba huko Antiokia Kefa, yaani Petro, alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo alijitenga, na Wayahudi wengine pamoja na Barnaba wakamfuata. Kauli mashuhuri ya 2:16, kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, inatoka moja kwa moja katika ugomvi huo wa nani anaweza kula na nani. Kwa hiyo mnaposoma "matendo ya sheria" msiwaze kwanza mtu anayejitahidi kuwa mwema ili apate kwenda mbinguni. Wazeni kwanza tohara, chakula na siku takatifu, mambo yaliyomtenga Myahudi na jirani yake. Maneno yanayolingana na hayo yamepatikana kwa Kiebrania katika hati inayoitwa 4QMMT, moja ya hati za kale za Kiyahudi zilizopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, iliyotolewa rasmi mwaka 1994, na humo nayo yanahusu namna za kuishika sheria zilizowatenga waandishi wa hati hiyo na Wayahudi wengine. Wapo wataalamu wanaosema kwamba Paulo anakwenda mbali zaidi ya alama hizo na kuigusa juhudi yote ya mwanadamu, na nadhani kwa habari ya Warumi wana hoja nzuri. Hata hivyo Wagalatia lazima isomwe kwanza kutoka katika meza ile.

Sasa niseme neno juu ya lugha yetu, kwa sababu wanafunzi wengi hufika wakidhani kwamba Kiswahili ni kikwazo kati yao na maandiko ya kale. Katika mada hii ni kinyume chake. Imani, kuamini, mwaminifu, uaminifu, amana na hata ile "amina" tunayofungia sala ni maneno ya ukoo mmoja, na mzizi wake wa Kisemiti ndio uleule uliozaa neno la Kiebrania *emuna* analolitumia nabii Habakuki. Katika Kiyunani nako nomino *pistis*, kitenzi *pisteuo* na kivumishi *pistos* ni ukoo mmoja. Anayesoma kwa Kiswahili anasikia undugu huo bila kufundishwa: anayeamini na aliye mwaminifu wako karibu hata masikioni. Lakini sikio hilo linahitaji kuamshwa, kwa kuwa wafasiri wamelazimika kuchagua neno moja kila mahali. Katika Wagalatia 5:22 tunda la Roho limetajwa kuwa "uaminifu", na katika Warumi 3:3 tunasoma "uaminifu wa Mungu". Kote kuwili neno la Paulo ni *pistis*. Itifaki yangu, kwa kuwa nilitafuta "imani" tu, ilizipita aya zote mbili.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote katika mada hii ni maneno matatu madogo: "imani ya Kristo". Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, imeyaacha hivyo katika Wagalatia 2:16, na -a unganifu yetu (ile "ya" iliyo kati ya "imani" na "Kristo") inabeba utata uleule ulio katika Kiyunani. Tukisema "upendo wa mama", huenda ni upendo alio nao mama kwa mwanawe, au ni upendo wa mwana kwa mama yake. Msikilizaji huamua kwa kuangalia mazungumzo. Vivyo hivyo "imani ya Kristo" huenda ni imani tuliyo nayo sisi kwa Kristo, au ni uaminifu aliokuwa nao Kristo mwenyewe, aliyetii hata kufa. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Hays alitetea kwa nguvu maana hiyo ya pili, James Dunn wa Uingereza akasimama upande wa maana ya kwanza, na hoja zao bado zinajibizana katika vitabu. Tafsiri nyingine ya Kiswahili, Biblia Habari Njema, imechagua "kumwamini Yesu Kristo", maneno yaliyo wazi na rahisi kusomwa, lakini yanamfungia msomaji mlango mmoja kabla hajajua kwamba ilikuwepo milango miwili. Kwa sababu hiyo nawasihi muwe na tafsiri mbili mezani daima, na mnapoona zinatofautiana, msiharakishe kuuliza ipi ni sahihi. Ulizeni kwanza ni kitu gani katika Kiyunani kilichowafanya wafasiri waachane njia.

Mimi mwenyewe naegemea kwenye maana ya pili katika 2:16, kwa sababu katikati ya aya hiyohiyo Paulo anaongeza kwamba "sisi tulimwamini Kristo Yesu", na ingekuwa kurudia jambo moja bila faida kama maneno yaliyotangulia yalikwisha kusema hivyo. Wanaonipinga hujibu kwamba kurudia ni mtindo wa Paulo anapotaka kukaza jambo, nami siwezi kusema kuwa jibu hilo ni dhaifu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatakiwi kuumaliza mjadala huu. Anatakiwa aweze kueleza pande zote mbili kwa namna ambayo mtetezi wa kila upande angeikubali.

Katika 3:11 Paulo anamnukuu Habakuki 2:4. Fungueni pande zote. Kiebrania kinasema mwenye haki ataishi kwa imani "yake", yaani kwa uaminifu wake. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, inasema kwa imani "yangu", ikimaanisha ya Mungu. Paulo hasemi yake wala yangu; anasema tu kwamba mwenye haki ataishi kwa imani, na anafanya vivyo hivyo katika Warumi 1:17. Hapo mtaona jinsi mada ya kiteolojia inavyoweza kusimama juu ya neno dogo moja lililoachwa.

Kisha nendeni kwa Yakobo, lakini msiende na Paulo mkononi. Hili ndilo kosa linaloharibu insha nyingi nzuri: mwanafunzi anasoma Yakobo 2:24, kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake wala si kwa imani peke yake, na papo hapo anaanza kuwapatanisha wawili hao au kuwagombanisha, kabla hajamsikiliza hata mmoja. Yakobo hasemi kamwe "matendo ya sheria". Anasema "matendo", na mfano wake ni ndugu asiye na nguo wala riziki anayeambiwa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asipewe chochote. Wala imani anayoikataa si imani ya Wagalatia, maana ni ile ambayo mashetani nao wanayo: wanakubali kwamba Mungu ni mmoja, na kutetemeka. Paulo anayeandika juu ya "imani itendayo kazi kwa upendo" katika Wagalatia 5:6 asingeweza kuiita hiyo imani.

Hata hivyo msifanye tofauti yao iyeyuke. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6, kwamba Ibrahimu alimwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki, na kila mmoja anaisoma kwa njia yake. Katika Warumi 4 Paulo anashikilia mpangilio wa matukio: maneno hayo yamo katika sura ya 15, na tohara inakuja katika sura ya 17, basi Ibrahimu alihesabiwa haki akiwa bado hajatahiriwa na anaweza kuwa baba wa watu wa Mataifa. Yakobo anatazama mbele hadi sura ya 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu, na kusema kwamba hapo ndipo andiko lilipotimizwa. Hizo ni njia mbili za kumsoma Ibrahimu, zenye maswali mawili nyuma yake. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, ambaye katika tafsiri yake ya Kijerumani ya 1522 aliongeza neno "peke yake" katika Warumi 3:28, aliuona waraka wa Yakobo kuwa mwepesi kama mabua; ilhali maneno "imani peke yake" katika Agano Jipya yamo kwa Yakobo tu, tena yakiwa yamekanushwa. Ni vema mjue historia hiyo, kwa kuwa mabishano mengi mtakayoyasikia mabwenini yanatoka karne ya 16, wala hayatoki Antiokia. Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, na wengi wanaobishana hawajalisoma.

Juu ya tarehe nitasema kwa ufupi. Nyaraka za Paulo zimepangwa katika Biblia kwa kadiri ya urefu, wala si kwa wakati zilipoandikwa, kwa hiyo msiseme kwamba Paulo "alianza" na Warumi. Mwandiko wa kale uliochongwa katika jiwe huko Delfi, Ugiriki, unaomtaja Galio, liwali wa Kirumi ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake, unatuwezesha kumweka Paulo Korintho karibu na mwaka 51, na Wathesalonike wa Kwanza ni wa siku hizo. Warumi ulifuata miaka michache baadaye.

Injili ya Yohana isubirini hadi mwisho. Nomino *pistis* haimo humo hata mara moja, wakati kitenzi "kuamini" kimo mara 98, na anayetafuta mada kwa nomino atatoka mikono mitupu katika kitabu ambacho hakizungumzi juu ya jambo lolote kwa wingi kuliko hilo.

Anayetaka kuanza wiki hii na achukue Wagalatia 2:11 hadi 3:14. Asome kwa sauti, kwa maana barua hizi zilisomwa mbele ya kusanyiko lililoketi kusikiliza, na sura na aya ziliongezwa karne nyingi baadaye. Kisha anakili, apige mstari chini ya kila "imani", "amini" na "haki", na pembeni ya kila mstari aandike ni imani ya nani, kwa nani. Palipo na shaka aweke alama ya kuuliza, aiache hapo hadi atakapokuwa amejifunza Kiyunani cha kutosha kurudi.