Kabla Hujafungua Bahasha ya Vyeti

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa kazi ya kuajiri mafundi wa sola, jiulize swali moja kabla hujagusa vyeti vya mtu: huyu akikosea, nitajuaje?

Mimi sikujiuliza. Fundi wa kwanza niliyemchagua mwenyewe alikuja na faili limejaa vyeti, na usaili wake ulikuwa raha tupu. Wiki chache baadaye akaniletea fomu ya vipimo: misururu 12 ya paneli zilizounganishwa kwa kufuatana, na kipimo cha insulesheni ya waya, yaani jinsi ganda lake linavyozuia umeme usivuje, kinasoma namba ileile kwa yote 12, hadi desimali. Hilo haliwezekani. Waya mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Mmoja umelala pakavu, mwingine una umande. Alikuwa amepima mmoja, iliyobaki akanakili. Nilipopanda kupima mwenyewe, nikakuta waya mmoja umechubuka ganda pale ulipopita kwenye ukingo wa fremu.

Kwa mgeni hilo laweza kuonekana dogo. Lakini paneli moja hutoa volti 40 hivi, na 20 zikifuatana ni volti 800, na maadamu jua linawaka huwezi kuzizima. Tena huu ni umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka. Ule wa nyumbani wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kukatika. Cheche ya DC haina pumziko hilo. Ikishashika, inaendelea kula. Na kazi yetu hufunikwa siku ileile inapokamilika. Paneli huuzwa na dhamana ya miaka 25 hivi. Nani atazinyanyua kuangalia ulichofanya chini yake?

Baadaye nilimchukua kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Cheti cha sola hana, nikamweka msaidizi wa fundi. Siku ya tatu, ngazi tumeshazifunga juu ya gari, akanifuata pembeni: "Kiongozi, kuna konekta moja sikuisikia ikilia." Konekta za paneli zikiingia sawasawa hulia ta! Zikiishia nusu, zinapitisha umeme vizuri tu, ila zinapata moto kidogo kidogo kwa miezi. Wenzake walinuna. Tukafungua ngazi, akapanda. Konekta ilikuwa imeingia barabara, haina tatizo lolote. Hata hivyo, kama kuna siku nilijua nimeajiri vizuri, ni hiyo.

Tabia ya namna hiyo haionekani kwa maswali ya "wewe ni mwaminifu?" Mpe mtu kazi mkononi. Mimi huweka mezani betri ndogo ya volti 12 na mita ambayo waya wake mmoja umekatika kwa ndani. Inasoma sifuri. Wengi husema, "Betri imekufa." Ninayemtafuta hutilia shaka mita kwanza, akaomba kuijaribu kwenye kitu anachojua kina umeme. Juu ya paa, anayeamini sifuri ya uongo hushika waya wenye moto.

Maarifa yanafundishika, na mengine huchakaa. Aliyejifunzia betri za risasi na asidi alizoea kwamba ukizishusha chini ya nusu unazifupishia maisha. Betri za lithiamu aina ya chuma-fosfati huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 ya chaji, ikabaki 20 tu. Mwenye kiburi cha cheti hubishana nawe hapo hadi jioni.

Usinielewe vibaya lakini. Leseni inayotakiwa kisheria kwa kazi za umeme haina mjadala. Lazima mwenye leseni awepo, asimamie, asaini. Na hili la kumchagua mtu kwa sababu "anaendana na timu" lina mtego. Kuna wakati niliajiri watu waliocheka vichekesho vyangu nikaliita hilo kuendana. Tulikuwa tunaelewana sana, na hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba mpangilio wangu wa paneli ulikuwa unaziweka tatu kivulini kila alasiri.

Ukibaki na watu wawili na hujui umchague nani, usimpigie bosi wao wa zamani. Tafuta aliyebeba naye ngazi, umuulize mara ya mwisho mwenzake alipokosea alifanya nini. Halafu nyamaza, mpe muda akumbuke.